Aliyezima Kanyerere

Ujiji, alasiri, siku moja kabla ya safari yako

Mwanangu Hidaya,

Shuleni walitufundisha kuanza barua hivi: mimi ni mzima, hofu na mashaka ni kwako wewe uliye mbali. Sasa wewe hauko mbali. Uko Bangwe kwa shangazi yako, umekwenda kuaga, na utarudi kabla ya maghrib umeshiba ugali wa watu na mfuko wa dagaa mkononi. Na hofu safari hii haiko kwako, iko kwangu. Kwa hiyo nimeanza vibaya, lakini acha niendelee, maana nikisubiri mwanzo mzuri utafika Kibondo sijaandika mstari.

Hutakuta humu habari za chandarua, wala za kutokula barabarani, wala za kupiga simu ukifika. Hayo shangazi yako anakuambia sasa hivi, tena kwa sauti kubwa kuliko yangu. Mimi nina jambo moja tu. Mengine nitakayoyasema ni ya kunipa nguvu, na utanivumilia kama unavyomvumilia mteja anayeeleza ukoo wake wote kabla ya kusema kwamba waifai yake haiwaki.

Jambo lenyewe lilinijia Jumapili, tulipokuwa tunakunja nguo zako. Nilikuuliza kama huna wasiwasi wa kwenda kufanya kazi kwa Nestori huko Kibondo. Ukasema, huku unakunja kitenge, "Sina wasiwasi, Mama. Ila nitaangalia kila anachogusa. Aliyezima Kanyerere anaweza kuzima na kwake." Ukacheka. Mimi nikasema ngoja nikaangalie maji jikoni. Hakukuwa na maji jikoni.

Nestori hakuzima Kanyerere. Nilizima mimi.

Nimeliandika mapema ili lisinikimbie. Sasa nitakueleza lilivyokwenda, kwa mpangilio, kama tunavyoandika hitilafu yoyote: kulikuwa na nini, nani aligusa nini, kikafuata nini. Nikianza kulia maelezo yatakuwa mabaya, na wewe ni fundi, unastahili maelezo mazuri.

Ulikuwa na miaka minne baba yako alipofariki. Nilibaki na chumba kimoja cha duka hapa Ujiji, mashine ya fotokopi na kompyuta mbili. Watu walikuja kutoa kopi za vyeti, kisha wakaanza kuja kujaza fomu za mtandaoni, na mtandao wa simu ulikuwa unakatika katikati ya fomu kama unaofanya makusudi. Nikaona nikichukua laini moja kubwa mjini nikaigawa kwa majirani kwa redio za juu ya mapaa, mimi nitakula na wao watapata. Nilijifunza kwa kuharibu. Nilichoma vifaa vitatu kabla sijajua kwamba waya wa radi unafungwa kabla ya mvua, si baada ya mvua.

Watu walisema mwanamke na milingoti wapi na wapi. Walisema mbele yangu, kwa upole, na upole ule uliniuma kuliko matusi. Lishike hilo. Halinisafishi, lakini litakuja kufanya kazi yake huko mbele.

Nestori alikuja kuomba kazi mwaka wa pili. Alikuwa kijana wa miaka ishirini na mitano hivi. Wazazi wake walitoka Burundi zamani, wakapita kambi ya wakimbizi, baba akafia huko, mama akahamia Bangwe akawa anauza dagaa. Yeye alizaliwa huku huku, na karatasi za uraia anazo, lakini mjini hakuacha kuitwa Mrundi. Wengine waliita kwa mzaha, wengine si kwa mzaha. Mimi nilimwita Nesta. Alipanda mlingoti kama anayepanda kitandani, na akiwa juu alikuwa anaimba nyimbo za kanisani, majirani wakawa wanajua kabisa leo redio ya nani inatengenezwa. Wewe alikufundisha fundo la kwanza la kamba, kwenye nguzo ya kuanikia nguo, ukamfunga nalo mguu akiwa amesinzia.

Alikuwa na tabia moja iliyonikera. Alikuwa anaona mbele, halafu anasema. Nilipofunga laini ya Kidahwe nilisimama juu ya paa nikaona upande wa pili vizuri kabisa, katikati kuna shamba la michikichi michanga. Nikasema safi, tufunge. Yeye akasema, "Mama Hidaya, hiyo inakua." Nikamjibu kwamba na sisi tutakua. Baada ya miaka mitatu wateja wa Kidahwe wakaanza kupotea mmoja mmoja kila upepo ukivuma, na nilipokwenda nikakuta makuti yamesimama pale pale ambapo mawimbi yetu yanapita. Nikamwomba mwenye shamba akate miwili tu. Akanitazama. "Mwanangu," akasema, "mchikichi huu unanipa mawese. Huo upepo wako unanipa nini?" Tukanunua mabomba, tukainua mlingoti.

Kosa hilo nililisimulia kila mahali. Hata msibani nimelisimulia. Nilikuwa nikijisifu moyoni kwamba mimi ni mtu wa kukiri makosa. Baadaye ndipo nilipogundua kwamba kosa la kuchekwa kila mtu anaweza kulikiri.

Sasa Kanyerere. Unakijua kijiji chenyewe, lakini mwaka ule ulikuwa na miaka kumi na moja na hukuwahi kufika. Gari haliendi. Ni boti tu, na mlima uliokizunguka unazuia mitandao yote ya simu, kwa hiyo redio yetu pale juu ya shule ndiyo ilikuwa njia yao pekee ya kutoka. Redio moja huku kwetu, nyingine kule, zinatazamana juu ya maji. Ikinyamaza moja, kijiji kizima kimenyamaza.

Ilikuwa kiangazi, dirisha la maombi ya vyuo limebakiza siku tatu kufungwa, na vijana saba wa Kanyerere walikuwa wanajaza fomu zao pale shuleni. Upepo ulikuwa umeigeuza sahani ya redio ya kule. Nesta akaenda, akalala huko, akapanda, akainyoosha, akarudi na boti ya asubuhi macho mekundu. Akaja dukani kabla ya kwenda kwao. "Inafanya kazi, Mama Hidaya, ila kuna makelele, kuna mtu ameingia kwenye masafa yetu. Usiiguse leo. Nilale kwanza, kesho nirudi kule, wewe ubaki hapa, tuiangalie wote wawili." Huo ndio ulikuwa utaratibu wetu kwa laini ndefu: hakuna kugusa mpaka mtu mmoja awe huku na mmoja awe kule. Utaratibu huo niliuweka mimi mwenyewe.

Nilijua makelele yanatoka wapi. Kulikuwa na jamaa ameinua mlingoti mpya Kasingirima, na nilikuwa na hasira naye ya wiki nzima. Nikasema sitagusa, nitasikiliza tu. Ili usikilize makelele ya wengine lazima yako uyanyamazishe kidogo. Nikafungua madirisha mawili kwenye laptopu, redio ya huku na redio ya kule, niizime ya huku kwa dakika moja. Zote mbili nilikuwa nimezipa jina moja, "Kanyerere", kwa sababu zote ni za Kanyerere, na kwa sababu nilikuwa mvivu wa kufikiri majina. Nikabonyeza kuzima. Dirisha likaganda.

Nilijua palepale kwamba nimezima ya kule. Mkono bado uko juu ya mausi, nikajua. Ningezima ya huku, ningeiwasha mwenyewe. Ya kule ikishazimwa haisikii tena amri yako. Haiwaki mpaka mtu afike chini yake na waya na laptopu. Wewe nilikufundisha kwamba kazi hii ni kama kupiga deki, hakikisha kwanza umesimama upande wa mlango. Hukuniuliza nilijifunzia wapi.

Nesta akaja jioni. "Imekatika?" Nikasema imekatika. "Umegusa?" Nikasema, "Sijagusa."

Nataka uzione saa zilivyokwenda, maana sina hekima nyingine ya kukupa zaidi ya hiyo. Saa ile ya kwanza ningesema nimegusa, Nesta angenigombeza, ningenuna, tungekwenda kutafuta boti. Saa ya tatu ningeweza bado, kwa aibu kidogo. Lakini usiku ule ziwa likachafuka, boti zikakataa kutoka, siku ya kwanza, siku ya pili, na kila siku lile neno nililosema lilikuwa linazidi kuwa gumu kulifuta, ingawa lilikuwa ni neno lile lile. Siku ya tatu usiku dirisha la vyuo likafungwa. Vijana wote saba walikuwa nje.

Siku ya nne boti ya kwanza kufika ilileta watu wa Kanyerere moja kwa moja hadi dukani. Alikuwepo Mzee Bilali, mwenyekiti wao, mwalimu mmoja, na wazazi wanne. Wewe ulikuwa kwenye benchi unafanya hesabu za shule. Nesta alikuwa mlangoni na kamba begani, kwa sababu alikuwa anajiandaa kwenda na boti hiyo hiyo kutengeneza.

Mzee Bilali alizungumza vizuri. "Mama Hidaya, hatukuja kwa ugomvi. Watoto wetu dirisha limewafungia. Tunataka kujua tu, ni ziwa, ni Mungu, au ni mtu?"

Nikasema, "Fundi ndiye aliyekuwa juu ya mlingoti wiki hii."

Kila neno la sentensi hiyo ni kweli. Sisi watu wa swala tano tukitaka kusema uongo huwa tunausema hivyo. Mama mmoja akapiga kofi. "Ni uyo! Yoo, ni uyo Mrundi!" Na wote wakageuka. Sikusema ndiyo, sikusema hapana. Nilipanga karatasi zilizokuwa zimekwisha kupangwa.

Nesta alinitazama. Nilidhani atasema kitu, na nilikuwa nimeshaandaa cha kumjibu. Akawaambia, "Twendeni, ziwa lisije likachafuka tena," akatoka nao. Alikaa ndani ya boti ile kwa muda wa saa nne, katikati ya watu waliokuwa wanaamini kwamba yeye ndiye aliyewafungia watoto wao mlango. Mpaka leo sijui walisemezana nini. Hakuwahi kuniambia, na mimi sikuwahi kuwa na uso wa kuuliza.

Akarudi kesho yake. "Redio ni nzima, Mama Hidaya. Haikuwa na ubovu. Ilikuwa imezimwa tu." Akasubiri. Nikasema ahsante. "Yenyewe imeandika," akasema. "Imezimwa kutoka huku, saa saba na dakika kumi mchana. Mimi saa saba nilikuwa nimelala kwa mama."

Basi hapo ndipo mlango wa mwisho ulipokuwa wazi, Hidaya. Duka lilikuwa tupu, mimi na yeye tu, na ushahidi wote uko mbele yetu. Nikachukua kaunta buku ya hitilafu, nikaandika: "Sababu: fundi alilegeza waya wa umeme alipokuwa mlingotini." Kwa nini nilifanya hivyo nimejiuliza miaka tisa. Nadhani nilikuwa nimeshawaambia watu, na daftari likisema jingine nitaonekana mwongo. Yaani niliandika uongo ili nisionekane mwongo. Nikaligeuza daftari nikamsogezea kalamu, maana desturi yetu ni kwamba aliyepanda ndiye anayetia sahihi.

Akasoma. Akaiweka kalamu juu ya ukurasa, taratibu, isidondoke. "Oya, Mama Hidaya," akasema, ile hapana ya Kirundi. Akafungua mkanda wa kupandia kiunoni, akauweka kaunta, akatoka.

Wewe ulikuwa nje unaruka kamba. Akakwambia, "Amahoro, Hidaya," salamu yake ya amani. Ukamgeuzia uso ukutani. Nilikuona kupitia mlangoni. Ulikuwa umesikia nilichosema dukani na ulikuwa unamkasirikia kwa ajili yangu, kwa ajili ya duka letu, na mimi niliona kabisa mtoto wangu anafanya dhambi yangu, nikaacha. Hilo la kumgeuzia uso ni langu. Usiende nalo Kibondo ukidhani ni lako.

Baada ya hapo mambo yalikwenda yenyewe. Aliomba kazi kwa jamaa wa Kasingirima, akaambiwa, "Si wewe uliyezima Kanyerere?" Aliomba kwingine, jibu likawa lile lile. Mimi sikuongeza neno, na hakukuwa na haja. Akaenda Kasulu akawa anauza makava ya simu chini ya mwavuli. Baadaye akapata kupanda milingoti kwa watu wa kambini, kisha akahamia Kibondo akaanza vyake, redio moja, mbili, na sasa unajua mwenyewe, ana vijiji vingi kuliko mimi. Ukisikia mtu anasema basi ilikuwa heri kwake, usikubali. Alifika huko kwa miguu yake, mimi sikumsukuma kwa wema.

Na wale saba, sita waliomba mwaka uliofuata wakapata. Wa saba alikuwa binti anaitwa Rehema. Hakuomba tena. Aliolewa mwaka ule ule. Nimemwona mara mbili sokoni na kila mara ananisalimia kwa heshima kubwa, "Shikamoo Mama Hidaya," na mimi naitikia.

Ulipoanza kujifunza kazi ulisoma kaunta buku zote, ukurasa kwa ukurasa, nikajivuna kwa kila aliyepita dukani. Siku moja ukaja na ile ya zamani ukauliza, "Mama, hapa mbona hakuna sahihi?" Nikasema, "Alikimbia kabla ya kutia." Ulikuwa na miaka kumi na saba. Sikulazimika. Hakukuwa na Mzee Bilali, hakukuwa na wateja, ulikuwa wewe tu, na nilisema haraka bila hata kufikiri.

Na ile desturi yetu ya kuzipa redio majina ya watu, inayowachekesha wageni, Bibi Tatu anatazamana na Mzee Kombo, Shangazi anatazamana na Mpemba, hata wewe unavyowajibu wateja kwamba "Bibi Tatu amelala, tunamwamsha". Niliianza wiki ile Nesta alipoondoka. Niliweka kila redio jina lake ili mtu asije akazima ya mbali akidhani ni ya karibu. Kila mtu aliona ni ucheshi wangu.

Kwa nini sikusema? Nilikuambia ulishike lile la mwanamke na milingoti. Niliogopa wangesema, "Si tulisema?" Wateja wangeondoka, na wewe ulikuwa darasa la tano, na nilikuwa peke yangu. Yote hayo ni kweli. Lakini wengi waliokuwa peke yao na mtoto hawakumtwika mtu mwingine kosa lao, na nilimtwika yeye kwa sababu nilijua angetwikika. Angekuwa kijana wa hapa Ujiji, mwenye wajomba wanane na imamu wa kumtetea, nisingethubutu. Nilijua mji utaniamini haraka kwa kuwa ni yeye. Sehemu hii ndiyo iliyonichukua muda mrefu kuliko zote kuiandika, nimeshakwenda kuanua nguo mara mbili.

Nilipoona umeomba kazi kwake nilidhani hatajibu. Alijibu siku ile ile, neno moja, "Njoo." Ukaniambia, "Mama, amesahau." Nikakwambia labda.

Jumatatu nilimpigia. Miaka tisa sikuwahi. Akauliza ni nani, nikasema Zaituni, Mama Hidaya. Akasema, "Amahoro, Mama Hidaya," kwa sauti ile ile ya zamani, na nikakaa chini. Nikamwambia mtoto anakuja na hajui, nataka kumwambia kweli.

"Kweli ipi?" akauliza.

Alitaka niitaje. Nikaitaja. Ilikuwa mara ya kwanza kuisikia kwa sauti yangu, na nilishangaa ni fupi kiasi gani.

Akasema, "Ego," yaani ndiyo. Kisha akaniambia kitu ambacho sikukijua. Maneno yale yalipofika sokoni, mama yake aliambiwa na wanawake wenzake wa dagaa. Akamwita. "Nesta, kwa nini umewafanyia watu hivyo?" Akamjibu, "Mama, si mimi. Ni Mama Hidaya." Mama yake akampiga kofi. Tangu azaliwe hakuwahi kumpiga. Akamwambia, "Yule mama hawezi kumsingizia mtu. Ananinunulia dagaa hata zikiwa za jana."

"Amefariki akiamini hivyo," Nesta akasema.

Msiba huo tulikwenda, Hidaya. Ulikuwa kidato cha pili. Tulikaa kwenye mkeka pale Bangwe, na dada wa marehemu akanishukuru mbele ya watu wote kwa kuja pamoja na yaliyotokea. Nikasema tusameheane, ndiyo ubinadamu. Nesta alinipa mkono nje, na nikaupokea.

Nikamwuliza kwenye simu kwa nini basi amekubali kukuchukua. Akasema, "Alikuwa mtoto. Aliamini alichosema mama yake. Na mimi ningependa mwanangu aniamini." Nikamwambia angeweza kukwambia mwenyewe ukifika. Akasema hapana. "Mimi sijamwambia mtu tangu siku ile. Nilimwambia mmoja tu, na ndiye aliyenizaa, na hakuniamini. Mwambie wewe."

Kwa hiyo nimekwambia. Daftari la zamani nimelifungua leo asubuhi. Ule mstari sikuufuta, nimeandika chini yake ilivyokuwa kweli, na sahihi ni yangu. Kesho basi lako likiondoka mimi nitateremka ufukweni kupanda boti ya Kanyerere. Mzee Bilali bado yuko, nimemwambia nakuja na sikumwambia nakuja na nini. Rehema nitamtafuta kwake, maana yeye si wa kuambiwa mkutanoni. Huenda Kanyerere wakatuondoa, na mji ukanisema, na sitashangaa. Jumamosi nitakuwa dukani kama kawaida.

Sikuombi unisamehe kwa haraka, na usinipigie kwa kuwa tu ni desturi kupiga. Nakupenda, na naogopa sana utakavyoniangalia asubuhi, ndiyo maana barua hii utaikuta ndani ya begi na si mezani. Kwa Nesta usinitetee. Hata akinisema vibaya, ingawa simdhanii, nyamaza.

Na kitu cha mwisho, mwanangu. Utakaa naye miezi, miaka labda, na itafika siku atakuambia kitu, na mimi nitakuambia kingine. Siku hiyo mwamini yeye kwanza.

Mama yako,
Zaituni